Unga wa "kilimo rejeshi" hapa Uingereza: kuna ukweli au ni mbwembwe za madukani?

MamaTunu (Northampton)

Wakuu, habari za saa hizi. Nawalenga ninyi mnaofanya kazi mashambani huku Uingereza. Najua mpo, ila mna kawaida ya kujificha.

Jumamosi nilikwenda kununua unga wa chapati. Ule wangu wa siku zote ulikuwa umeisha, pembeni yake kumebaki mfuko wa karatasi ulioandikwa kwamba ngano yake imetokana na kilimo rejeshi, kilimo kinachourudishia udongo uhai, na picha ya nyuki juu ya ua. Bei karibu mara mbili. Niliurudisha kwenye rafu, lakini tangu hapo nayaona maneno hayohayo kila kona: kwenye oti za uji, kwenye maziwa, hata kwenye chipsi za kugandishwa wanazozipenda wanangu. Miaka michache nyuma sikumbuki kuyaona.

Mimi nimelelewa na bibi yangu Mbinga, na wanaojua Umatengo wanajua ngoro. Nyasi zinalazwa chini kwa mistari inayokatana, udongo unafukiwa juu yake, yanabaki mashimo yanayoshika maji. Mvua za milimani zinashuka kwa hasira na shamba halitembei. Hakuna aliyewahi kumwandikia bibi maneno mazuri kwenye gunia lake la mahindi, wala kumwongezea bei.

Sasa nauliza. Hiki kilimo rejeshi kina tofauti gani na oganiki, maana oganiki nayo ni ghali vilevile? Mume wangu anasema kuna wataalamu walisema udongo wa huku umebakiza mavuno 60 tu, kisha basi. Ni kweli? Na kubwa kuliko yote: nikilipa ile hela ya ziada, inafika kwa mkulima na udongo wake, au inaishia kwa aliyechora nyuki?

Naomba kuwasilisha.

Bahari_Kilindini

Dada, jibu fupi ni biashara. McCain, wale wa chipsi za kugandishwa, wameahidi viazi vyao vyote vitalimwa hivyo ifikapo 2030. Waitrose, wale wenye maduka makubwa, wanasema nyama, maziwa, mayai, matunda na mboga zao za hapa zitakuwa hivyo ifikapo 2035. Kampuni hizi zimekuwa zikimbana mkulima senti kwa senti miaka yote, leo ghafla zinalia na udongo? Hebu tuheshimiane.

JembeNaPlau

Mama Tunu, shikamoo kama umenitangulia, kama tunalingana basi mambo vipi. Mimi kwetu ni Mbozi. Huku naendesha trekta kwenye shamba la nafaka kusini ya Peterborough, si mbali na kwako. Upande mmoja tuna mwinuko wa udongo wa mfinyanzi, upande wa pili mashamba yanashuka mpaka kwenye udongo mweusi wa Fens, nchi tambarare ya chini iliyokuwa kinamasi kabla ya kukaushwa. Nitakujibu kwa ninayoyaona kutoka kwenye kiti cha trekta. Ya maabara wapo wenyewe humu.

Kuhusu jina, oganiki ina sheria. Ukiandika oganiki kwenye mfuko bila cheti umevunja sheria, na shamba linakaguliwa miaka yote. Kilimo rejeshi hakina sheria ya namna hiyo. Kila kampuni ina masharti yake: mengine yana meno, mengine ni fomu unajaza kwenye simu ukinywa chai. Wakulima wenyewe wana mkutano wao mkubwa, Groundswell, unafanyika kila kiangazi tangu 2016 kwenye shamba moja Hertfordshire, na pale wanahubiri mambo matano: usiusumbue udongo, usiuache uchi, weka mizizi hai ndani yake mwaka mzima, changanya mazao, rudisha mifugo shambani. Bibi yako angeuliza kama hao watu wamelipa kiingilio ili waambiwe hivyo. Wamelipa, tena si kidogo.

Shamba nililoanzia kazi lilikuwa la plau. Mavuno yakiisha Agosti unaingia, unapindua udongo inchi nane, harufu nzuri, ndege weupe wanakufuata nyuma. Halafu haro, halafu rola, ndipo mashine ya kupandia. Trekta limepita mara nne au tano juu ya ardhi ileile na dizeli imekwenda. Hapa nilipo sasa, kombaini inakatakata mabua na kuyatawanya, na mashine ya kupandia inaingia humohumo kwenye mabua. Sahani ya chuma inachana mfereji mwembamba, mbegu inadondokea ndani, gurudumu dogo linafunika. Kama zao linalofuata ni shayiri ya kupandwa Machi, shamba halikai tupu miezi yote ile: Agosti tunamwaga mchanganyiko wa figili za mafuta, faselia, oti na mbegu za jamii ya kunde, vinaota na kufunika ardhi mpaka baridi ivilaze.

Kwa mwenye trekta ni raha. Kwa mwenye shamba ni mtihani. Ukipanda mfinyanzi ukiwa umelowa, ile sahani inaacha kuta za mfereji zinang'aa, na jua likiwaka mfereji unafunguka tena, unaona mzizi wa ngano uko nje unakutazama. Chini ya mabua koa wanapata nyumba ya bure. Wanatoka usiku kula miche, asubuhi unakuta mistari imekatikakatika. Na kuna jani moja linaitwa blackgrass, waliolima maeneo haya wanalijua kuliko majina ya wakwe zao. Juni linatoa masuke meusi juu ya ngano. Dawa nyingi zimeshindwa, limezizoea. Mwenye plau anazifukia mbegu zake chini zisiote. Asiye na plau anapuliza glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kabla ya kupanda.

Hapo pana jambo ambalo mfuko wa unga hautakwambia: mashamba mengi ya kilimo rejeshi yanaegemea glaifoseti, na mashamba mengi ya oganiki, kwa kuwa hayaruhusiwi kuigusa, yanaegemea plau. Ukienda baa ya kijijini siku ya mnada wa mashine, kila upande unamcheka mwenzake kwa hilo.

Lakini faida ipo, na huhitaji shahada kuiona. Chukua sepetu. Chimba kwanza pembezoni, chini ya ua wa miti, mahali ambapo trekta halijawahi kukanyaga. Kisha chimba katikati ya shamba, ulinganishe. Kwenye lile shamba la plau udongo wa katikati ulikuwa unatoka bonge moja lenye kona, ndani rangi ya kijivu, na mizizi imeshuka kidogo kisha ikapinda na kulala ubavu, imegonga sakafu ngumu iliyotengenezwa na plau yenyewe kwa kupita kina kilekile kila mwaka. Hapa kwetu bonge linamong'onyoka kwa vidole, lina vitundu vya mizizi na vya nyungunyungu, na nyungunyungu wenyewe wanakatwa na sepetu mpaka unawaonea huruma. Dondosha bonge la kila shamba kwenye jagi la maji: la kule linageuka uji hujamaliza hata kueleza, la hapa linakaa.

Bosi ana kipimo kingine, mkicheka shauri yenu. Anazika chupi za pamba. Ndiyo, chupi, na si yeye peke yake, wakulima wengi huku wanafanya. Zinakaa ardhini miezi miwili hivi kisha zinafukuliwa. Penye udongo hai unakuta umebaki mpira wa kiunoni na lebo. Penye udongo uliochoka unaweza kuifua ukaivaa. Anazipanga kwenye uzio wageni wakija, na mama mkwe wake hataki kabisa kuzungumzia suala hilo.

Kilichonishawishi mimi ni maji. Oktoba 2022 mpaka Machi 2024 ilikuwa miezi 18 yenye mvua nyingi kuliko yote iliyowahi kurekodiwa England. Majirani walishindwa kuingia shambani, mbegu zilizowahi kupandwa zikaoza, na mavuno ya ngano ya nchi mwaka 2024 yakashuka kwa takribani moja ya tano. Na sisi tulipoteza, nisikudanganye, kona zote za chini zilizama. Ila kwenye mwinuko maji yaliingia ardhini. Ya jirani yalikuwa yanakatiza barabara rangi ya chai ya maziwa, na hiyo rangi ndiyo shamba lake lenyewe. Mwaka 2025 mambo yakageuka, England ikapata machipuko makavu kuliko yote kwa zaidi ya miaka 100, na vipande vyetu vyenye matandazo mazito vikachelewa kunyauka.

Sasa shuka nami upande wa Fens, maana huko ndiko inakotoka selari na letusi nyingi unayoiona dukani. Ni udongo mweusi, mwepesi, upepo ukivuma Aprili unaondoka nao angani. Jirani na kazini kwangu kuna nguzo ya chuma, Holme Post. Waliizamisha ardhini 1851, kichwa chake usawa wa ardhi, kipindi kilekile walichokausha ziwa kubwa la Whittlesey Mere ili wapate mashamba. Leo nguzo imesimama kama mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haijapanda. Maji yalipotolewa, mboji iliyojilimbikiza kwa maelfu ya miaka ikasinyaa, ikakutana na hewa, ikaoza na kwenda zake. Hapo hata uache plau, upande mchanganyiko wa mbegu zote duniani, udongo utaendelea kuondoka kwa sababu ugonjwa wake ni kukaushwa. Tiba ni kupandisha maji, na ukiyapandisha sana letusi hailimiki. Kwa hiyo nikiona mboga ya Fens imeandikwa kilimo rejeshi, mimi nauliza maji yako kina gani. Bado sijaona pakiti inayojibu.

Na hela yako. Kinu kikubwa kinachonunua ngano ya mkate kinataka protini asilimia 13. Ili kuifikia, tunarudi shambani mwishoni na mbolea ya naitrojeni ambayo haiongezi mavuno ya maana. Inaongeza namba kwenye mashine ya kinu tu, na isiyotumiwa na mmea inatafuta njia ya mtoni. Lori likipimwa 12.3 linakatwa bei, au linageuziwa chakula cha kuku. Unaweza kuwa na nyungunyungu wote wa wilaya, kinu hakiwaulizi. Hilo ndilo linaloamua nini kinamwagwa shambani, kuliko hotuba yoyote.

Wildfarmed, kampuni iliyoanzishwa 2018 na Andy Cato, yule mwanamuziki wa Groove Armada, pamoja na wenzake wawili, wamefungua mlango wa pembeni. Mkulima analima kwa masharti yao, hapulizi dawa kwenye zao linalokua, anapanda mimea mingine ndani ya ngano, nao wanamlipa zaidi ya bei ya soko. Ngano hiyo wanaitenga, haichanganywi kwenye ghala moja na nyingine zote. Kutenga kuna gharama, na sehemu ya bei unayoiona dukani ni hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu: mfuko ukitaja shamba, au ukieleza mkulima anafanya nini na analipwa vipi, mimi ningeununua mara mojamoja. Ukiwa na nyuki peke yake, bakiza hela yako. Na jambo la ziada kwako wewe wa chapati: hiyo asilimia 13 ni ya mkate wa kuumuka. Chapati ukiipikia unga wenye nguvu hivyo unasukuma unarudi, unasukuma unarudi. Ngano ile ambayo kinu kinaikataa kwa protini ndogo ingekufaa kabisa.

Bahari_Kilindini

JembeNaPlau umeeleza vizuri, wallahi, za chupi nimemsomea mke wangu. Lakini umeruka swali. Nchi hii inazalisha kama asilimia 60 tu ya chakula chake, kingine chatoka nje. Mkianza kulima kwa upole na mavuno yakapungua, pengo litazibwa na nani? Mimi hapa London naingia dukani nakuta mishiri ya Kenya, yale maharage mabichi ya maganda, imefungwa kwenye plastiki, yote urefu mmoja kama imepimwa kwa rula. Wajomba wa mke wangu wanalima mishiri Kirinyaga. Ukiwa umepinda kidogo, unakataliwa. Dawa zapigwa ili usiwe na doa. Ule udongo wa Kirinyaga uko kwenye hesabu ya nani? Nyuki wa kwenye mfuko ni wa Oxfordshire.

JembeNaPlau

Mkuu hapo umenishika na sitabisha. Masharti ya mavuno ya hapa hayafuati mboga za kutoka nje, na hilo bosi wangu analilalamikia kwa sababu zake yeye: anashindana na ngano iliyolimwa kwa namna aliyokatazwa. Kuhusu mavuno, kwetu miaka ya mwanzo ngano ilishuka. Matumizi nayo yalishuka, dizeli, mbolea, vipuri vya plau, ndiyo maana bado tupo. Ila mwenye deni kubwa benki hawezi kuvumilia miaka hiyo ya katikati, na nimeona mmoja akirudi kwenye plau. Simlaumu.

Ninachoona kingesaidia ni watu wa hapa kula kinacholimwa hapa bila shida. Tunapanda maharage makubwa yale ya fava kila baada ya miaka kadhaa kwa sababu yanarudisha naitrojeni ardhini yenyewe. Waingereza hawayali yakiwa makavu. Mengi yanakwenda kulishwa mifugo, na kwa miaka mingi mengine yamekuwa yakipakiwa meli kwenda Misri, ambako ndiyo kifungua kinywa chao. Kuna kampuni ndogo Suffolk, Hodmedod's, tangu 2012 inayauza hapahapa pamoja na njegere kavu. Mimi nayapika kwa nazi, yanaiva taratibu lakini yanalipa. Kila mfuko wa hayo ni sababu moja zaidi ya mkulima kuyaweka kwenye mzunguko wake badala ya ngano juu ya ngano.

Mfinyanzi_na_Mchanga

Naingia kwa ufupi, nasomea udongo, nisije nikaonekana mwalimu.

Shemeji yetu, mume wa Mama Tunu, aachane na mavuno 60. Kauli hiyo imezunguka magazetini na midomoni mwa wanasiasa miaka mingi na haina utafiti nyuma yake. Udongo unatofautiana shamba kwa shamba, namba moja kwa nchi nzima haiwezekani. Na kuna ushahidi wa kuangalia. Kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Harpenden, kuna shamba linaitwa Broadbalk ambalo limepandwa ngano tangu 1843. Kipo kipande ambacho hakijawahi kupewa mbolea yoyote muda wote huo. Bado kinatoa ngano, kama tani 1 kwa hekta. Kimepita mavuno 60 zamani sana. Ni njaa, lakini si jangwa.

Kipande kingine cha hapohapo kinapewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka, na kaboni ya udongo wake (ile iliyomo kwenye mboji) imepanda ikawa zaidi ya maradufu ya kile kisicho na kitu. Ila tani 35 kila mwaka, kwa mashamba yote, samadi hiyo itatoka kwa ng'ombe gani? Hapo ndipo watu wa matangazo wanaponyamaza. Hali kadhalika kuacha plau: kaboni inaongezeka karibu na uso wa ardhi, na hiyo inasaidia sana kwa yale mambo ya jagi la maji aliyoyasema JembeNaPlau. Ukichimba chini zaidi na kujumlisha yote, ongezeko huwa dogo. Kwa hiyo anayekuuzia mkate unaookoa hali ya hewa ya dunia, mwache aende zake. Anayekuuzia udongo usiokimbilia barabarani, huyo msikilize.

NgombeWaHanang

Mimi niko Devon, nakamua, na mapumziko ya mchana ndiyo haya. Mmeongea ngano tupu, ng'ombe mmewasahau, na hao ni jambo la tano katika yale matano.

Bosi wangu amebadilisha nyasi za zamani, aina moja tupu iliyokuwa inasubiri mbolea ya dukani kila mwezi, akapanda mchanganyiko: klova nyeupe na nyekundu, chikori, plantini, na nyasi aina kadhaa. Chikori mzizi wake unachimba kwelikweli. Kiangazi nyasi za jirani zikiwa zimekauka rangi ya mkeka, yetu bado ina kijani. Ng'ombe tunawapa kipande kidogo kwa siku, kesho waya wa umeme unasogea, kipande walichokula kinapumzika mpaka majani yapande juu ya kiatu. Mzee wangu nikimpigia simu na kumweleza anasema sasa hao wanalipwa kwa kuhamisha ng'ombe?

Wanalipwa. Serikali ilikuwa na mpango wa SFI (Sustainable Farming Incentive) kwa England, wa kuwalipa wakulima wanaotunza ardhi, mchanganyiko huo pauni 382 kwa hekta kwa mwaka. Ruzuku ya zamani ya Ulaya ilitolewa kwa ukubwa wa ardhi, baada ya Brexit wakasema hela itolewe kwa kazi hizi. Wakulima wakaanza kuamini. Tarehe 11 Machi 2025 jioni wakafunga maombi mapya papo hapo, fedha zimekwisha. Aliyekuwa na mkataba anaendelea. Jirani yetu alikuwa bado anajaza fomu, mbegu keshaagiza. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mkulima anahitaji ile hela ya ziada ya dukani, sababu mojawapo ni hiyo.

La mwisho, kinyesi. Kipindue kwa kijiti. Kikiwa na mende wanaochimba, kitazikwa ardhini chenyewe ndani ya muda mfupi. Dawa za minyoo tulizokuwa tunawapa ng'ombe wote bila kupima zinaua hao mende, kinyesi kinakaa juu kimekauka kama sahani. Sasa tunapima kwanza, tunamtibu anayehitaji. Mende wamerudi na hatujawanunua kokote.

MamaTunu (Northampton)

JembeNaPlau marahaba mdogo wangu, maana kwa hayo ya mama mkwe najua nimekutangulia. Wote nawashukuru. Mume wangu nimemsomea habari ya Broadbalk, amekaa kimya na kuomba chai.

Mawili tu. Nawezaje kuliona shamba la namna hii kwa macho, na watoto waone? Siwezi kubisha hodi kwa mtu. Na huo unga, nikiununua wa kusagwa kwa jiwe, wenye protini ndogo kama ulivyosema, chapati zitakunjika au nitawalisha watoto biskuti?

JembeNaPlau

Dada, la shamba ni rahisi. Kuna siku inaitwa Open Farm Sunday, kila Juni, inaandaliwa na shirika la wakulima na mazingira liitwalo LEAF tangu 2006. Mamia ya mashamba yanafungua milango, bila kiingilio mengi yao. Tafuta lililo karibu na Northampton, nenda na mabuti hata kama jua linawaka. Watoto wataenda moja kwa moja kwenye matrekta, waache. Wewe mtafute mwenye shamba, umwombe achimbe sepetu moja katikati ya shamba na moja chini ya ua. Anayejiamini atakimbilia sepetu kabla hujamaliza. Na umuulize anauza wapi na kwa bei gani, hapo wanaongea wenyewe bila kusukumwa.

La unga: wa jiwe unabaki na pumba, unakunywa maji zaidi ya ule mweupe. Usiukande kwa kipimo chako cha siku zote. Ongeza maji ya uvuguvugu mpaka donge liwe laini kuliko unavyolipenda, paka mafuta, funika, liache nusu saa au zaidi pumba zinywe. Kwa mara ya kwanza changanya nusu kwa nusu na mweupe. Mimi nikifanya wa jiwe mtupu zinakunjika zikiwa za moto, zikilala hazikunjiki, nazila na chai.

Bahari_Kilindini

Nusu saa haitoshi. Saa nzima, na samli. Hapo tu ndipo wa Mbozi umenikosea.